Anayeinuka Asiwainue Wengine: Hotuba Kuhusu Chumba Kidogo cha Kulia

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja na kwa kunipa nafasi hii.

Mimi ni seremala. Kwa miaka mingi nimetengeneza meza, viti na makabati, na kazi hiyo imeniingiza katika vyumba vya kulia vya watu wengi sana. Vingi ni vidogo. Na karibu kila mwenye chumba kidogo hunipokea kwa maneno yale yale: "Fundi, utuwie radhi, chumba chenyewe ndicho hiki." Leo nazungumza na huyo anayeomba radhi.

Nianze na nyumba moja. Chumba chao cha kulia kilikuwa na upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 2.7. Humo waliingiza meza ya watu wanane, ya mbao ngumu, waliyoirithi na kuipenda. Niliitwa kukaza mguu mmoja uliokuwa ukicheza. Nilipopiga magoti nikaona jambo: chini ya meza, kuanzia upande wa ukutani, sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa. Mama mwenye nyumba akanieleza. Mtoto wao mdogo ndiye aliyekaa upande ule, na kwa kuwa kiti chake kilibanwa na ukuta, kila alipomaliza kula alipita chini ya meza kwa mikono na magoti, akatokezea upande wa pili. Alianza hivyo akiwa na miaka minne. Alipofika tisa mwili haukupita tena, akaanza kulia sebuleni, sahani mapajani. Dada yake akamfuata. Haukupita muda mrefu, meza ile ikawa ya kuwekea nguo zilizopigwa pasi.

Kuta za chumba kile zilipakwa rangi nzuri. Pazia lilishonwa kwa ustadi. Taa ilipendeza. Kilichokosekana ni njia ya kuinuka. Tangu siku ile nina kanuni moja ninayoitanguliza kabla sijazungumza na mtu kuhusu rangi, kioo au kitambaa: katika chumba cha kulia, anayeinuka asiwainue wengine. Mtu akitaka kwenda kunawa, kuchukua kijiko au kumtazama mtoto anayelia, aondoke bila wenzake kusogeza viti. Chumba kinachoruhusu hilo watu hukaa humo kwa muda mrefu, hata kikiwa kidogo namna gani. Kisichoruhusu watakikimbia, hata kikipambwa kama ukumbi wa harusi.

Sasa twende kwenye vipimo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Mtu mmoja mezani anahitaji upana wa sentimita 60 ili viwiko visigombane. Akikaa, kiti chake na mwili wake huchukua kama sentimita 45 hadi 50 kutoka ukingo wa meza. Lakini ili aketi na kuinuka anahitaji kukivuta kiti nyuma, na hapo nafasi kati ya ukingo wa meza na ukuta isipungue sentimita 75. Ikiwa kuna mtu atakayepita nyuma yake akiwa ameketi, hesabu sentimita 110 au 120. Namba hizi tatu, 60, 75 na 120, ziandikeni mahali msipozipoteza. Mkishazijua, nusu ya maswali mnayoniletea karakanani mtayajibu wenyewe.

Chukueni chumba kile kile cha mita 2.4 kwa 2.7. Meza yao ilikuwa na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Ukiiweka katikati, kila ubavu unabakiwa na sentimita 70, na kila kichwa cha meza sentimita 35. Sentimita 35! Hata mlango wa kabati la kawaida haufunguki hapo. Meza haikuwa na kosa lolote, wala chumba. Viwili hivyo havikupaswa kuoana.

Kwa hiyo, kabla ya kununua au kuagiza meza, fanyeni jambo moja lisilo na gharama. Chukueni magazeti ya zamani, yaunganisheni kwa gundi ya karatasi mpaka yapate umbo na ukubwa wa meza mnayoitaka, muyatandaze sakafuni. Wekeni viti mlivyo navyo kuyazunguka. Ketini. Inukeni. Mmoja apite na sinia mkononi. Fungueni mlango, fungueni kabati. Yaacheni magazeti pale siku tatu, mpite mkiyakwepa kama vile ni meza kweli. Mwili hautadanganywa: siku ya pili tu mtajua kona ipi inagonga nyonga. Nimewahi kumwona mteja akipunguza meza yake kwa sentimita 20 baada ya jaribio hilo, na alinishukuru kuliko wote niliowahi kuwatengenezea meza kubwa.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni kununua meza kwa ajili ya wageni. Naelewa linakotoka. Kumkaribisha mtu na kumkosesha pa kukaa ni aibu ambayo hakuna anayeitaka. Lakini wageni huja kwa siku, na nyinyi mnaishi humo mwaka mzima. Nunueni meza ya wanaolala nyumbani humo, kisha mtafute namna ya kuikuza siku wageni wakija. Njia zipo, na si za leo. Meza zenye mbawa za kukunja, zinazoegemezwa na mguu unaofunguka kama lango, zilikuwa za kawaida Uingereza katika karne ya 17, na bawaba zake zinafanya kazi vile vile hadi sasa. Ziko pia meza zinazovutwa pande mbili na kuongezewa ubao katikati. Ukiagiza ya namna hiyo, uliza swali moja: ule ubao wa ziada utakaa wapi ukiwa hautumiki? Kama jibu ni "nyuma ya mlango wa chumba cha kulala", mwambie fundi atengeneze sehemu ya kuuhifadhi ndani ya meza yenyewe, chini ya uso wake. Inawezekana, na si kazi ngumu.

Meza ya duara nayo ina sifa zake. Chumba kikiwa na umbo la mraba, duara hukifaa sana: hakuna kona za kugonga, na wote wanaonana uso kwa uso. Kipenyo cha sentimita 90 kinatosha watu wanne. Kipenyo cha sentimita 120 kinapokea sita, ingawa kwa kubanana kidogo. Shida yake ni kwamba duara haliegemezwi ukutani, likisukumwa huko linapoteza faida yake yote. Kwa hiyo chumba chembamba na kirefu kipeni meza ya mstatili.

Na miguu je? Nawasihi mtazame miguu kabla ya kutazama uso wa meza. Miguu minne ya kwenye kona ndiyo inayogongana na magoti mnapotaka kuongeza mtu wa tano. Eero Saarinen, msanifu majengo aliyezaliwa Finland na kufanya kazi Marekani, alikerwa na msongamano wa miguu chini ya meza na viti, na mwaka 1957 meza na viti vyake vya mguu mmoja wa katikati vikaingia sokoni. Wazo lake ni la kweli kabisa katika chumba kidogo: nguzo moja katikati inaacha magoti huru pande zote. Nina tahadhari moja ya kiseremala. Kitako cha nguzo kiwe kipana na kizito. Kikiwa chembamba, siku mtu mzima atakapoegemea ukingo kwa mikono miwili ili ainuke, meza itainama naye.

Sasa niwaambie tulichofanya katika nyumba ile, kwa sababu ndipo nilipojifunza mengi.

Meza ya urithi hatukuikata. Iliwekwa sebuleni nyuma ya kochi, ikawa ya watoto kufanyia kazi za shule, na heshima yake ikabaki. Katika chumba cha kulia tuliweka benchi kwenye ukuta mrefu, lenye urefu wa sentimita 120, kina cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 45. Mbele yake meza ya sentimita 120 kwa 80, iliyoingia juu ya benchi kwa sentimita 5, kwa kuwa benchi halivutwi nyuma kama kiti. Fanyeni hesabu pamoja nami. Kutoka ukutani hadi ukingo wa meza ni sentimita 40. Meza ni 80. Katika mita 2.4 zimebaki sentimita 120 upande wa pili, yaani mtu ameketi na mwingine anapita nyuma yake bila kumgusa. Kwa urefu zimebaki sentimita 75 kila kichwa cha meza. Siku za kawaida wanakaa wanne: wawili benchini, wawili vitini. Wageni wakija, kiti kimoja kinaongezwa kila kichwa, wakawa sita. Na yule mtoto aliyekuwa akitambaa alichagua mwenyewe mwisho wa benchi ulio karibu na mlango.

Angalieni jambo hapo. Benchi lile halikubanwa kwenye kona. Lina ncha mbili zilizo wazi na linabeba watu wawili, kwa hiyo kila mmoja anatokea upande wake. Ningelisukuma konani, wa ndani angefungwa tena na tungerudi kule kule. Benchi la kona ni zuri kwa macho na nimetengeneza mengi, lakini mimi huwaambia wenye nyumba mapema: atakayekaa konani ndiye wa mwisho kuinuka, mkubaliane awe nani.

Watu pia hupenda benchi lenye mfuniko, ili chini yake wahifadhi vitambaa na vyombo visivyotumika kila siku. Wazo jema, ila mfuniko unadai waliokaa wainuke. Wekeni droo badala yake, zifunguke kutokea kwenye ncha za benchi. Na mto wa kukalia uwe mwembamba na mgumu. Kati ya kikalio na uso wa meza panatakiwa sentimita 25 hadi 30, basi. Benchi la kimo cha sentimita 45 chini ya meza ya sentimita 75 limeshafika 30. Ukiweka mto mnene wa sentimita 10, mapaja yanaanza kugusa mbao za ubavuni mwa meza, na mtu hajui kwa nini hatulii.

Kuhusu viti nitasema machache. Visiwe na mikono, na kama ni vya mikono, mikono hiyo ipite chini ya meza. Mgongo uwe wazi, jicho lipenye. Mwaka 1859 Michael Thonet, aliyekuwa na shughuli zake Vienna, alitoa kiti namba 14, cha mbao zilizopindwa kwa mvuke: vipande sita tu vya mbao, skrubu na nati kadhaa. Vikifunguliwa, viti 36 vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo. Mpaka leo kiti kile na wajukuu zake hutumika katika migahawa midogo duniani kote, na sababu mtaiona mkikiweka chumbani: kimesimama pale, na bado ukuta wa nyuma unauona.

Kabati la vyombo ndilo huua vyumba vingi kimyakimya. Watu hununua lenye kina cha sentimita 45 au 50 kwa sababu ndiyo yaliyojaa madukani. Pimeni sahani yenu kubwa. Aghalabu itakuwa na kipenyo cha sentimita 26 hadi 28. Kabati lenye kina cha ndani cha sentimita 30 linaimeza, na hizo sentimita 15 hadi 20 mnazookoa ndizo tofauti kati ya kupita na kutopita. Lifungwe ukutani, lisiguse sakafu. Sakafu ikionekana mpaka ukutani, macho yanahesabu chumba kizima. Milango yake iwe ya kuteleza, kwa sababu mlango wa bawaba unataka nafasi mbele yake ya kufungukia. Hali kadhalika mlango wa chumba chenyewe: ukifungukia ndani, unanyang'anya robo duara ya sakafu yenye upana wa mlango mzima. Kuugeuza ufungukie nje ni kazi ya nusu siku kwa fundi, na pengine ndiyo kazi yenye faida kuliko zote nilizozitaja. Kama hauna ulazima, uondoeni kabisa.

Wengine hapa wataniuliza, fundi, utazungumza lini kuhusu mapambo? Nimekuwa nikiyazungumza muda wote. Ila haya, tuingie kwenye taa na rangi.

Taa ya kuning'inia juu ya meza ndiyo pambo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu inawakusanya watu. Sehemu yake ya chini iwe sentimita 75 hadi 90 juu ya uso wa meza, na kivuli chake, yaani ile kofia inayofunika balbu, kisizidi theluthi mbili za upana wa meza. Ikining'inizwa juu sana, inamulika dari na vichwa. Ikiwa mahali pake, meza inakuwa kisiwa cha mwanga na kuta zinarudi nyuma gizani, nawe unasahau ziko karibu kiasi gani. Poul Henningsen wa Denmark alitumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta namna ya kuificha balbu isimchome machoni aliyeketi, na taa yake ya PH 5, ya mwaka 1958, ilibuniwa kwa kazi hiyo hasa. Huhitaji taa yake, lakini jaribio lake lifanye: keti mezani, inua macho. Ukiiona balbu yenyewe, kivuli hakitoshi. Chagueni balbu ya mwanga wa joto, wa manjano kidogo, kama kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi la balbu). Zile nyeupe za kelvini 4000 na kuendelea ziacheni jikoni na karakanani, mahali pa kukatia na kupimia. Na kama meza yenu inahamahama, hii ya kuning'inia iacheni, itawagonga vichwa. Wekeni taa mbili za ukutani.

Rangi inahubiriwa sana kwamba chumba kidogo lazima kiwe cheupe. Sikubaliani. Chumba chenye dirisha kubwa kinachotumika mchana kitafaidi rangi nyepesi, kwa sababu mwanga upo wa kurudishwa. Lakini chumba kisicho na dirisha la maana, kinachotumika zaidi jioni, ukikipaka nyeupe kinakuwa kijivu cha huzuni. Kipakeni rangi nzito, kijani cha majani makavu au nyekundu ya udongo, muiendeleze mpaka kwenye fremu za mlango ili jicho lisikatizwe katizwe. Chini ya taa nzuri chumba hicho kitawakumbatia. Lolote mtakalochagua, liwe linaosheka, maana migongo ya viti na mikono ya watoto itafika ukutani. Mimi hupendekeza kipande cha mbao kizunguke ukuta kwa kimo cha mgongo wa kiti. Kinapokea kishindo badala ya rangi, na kinapendeza.

Kioo, ndiyo, kinasaidia. Lakini kioo kinarudia kilicho mbele yake, kwa hiyo simameni mahali mtakapokitundika mtazame kwanza ni nini kipo mbele. Kama ni dirisha, mmepata dirisha la pili. Kama ni mlango wa choo au rundo la viatu, mmejipatia viwili. Wala msikiweke sawa na uso wa anayekula. Hakuna anayetulia akijitazama akitafuna. Picha nazo zishusheni: katika chumba hiki watu wameketi, macho yao yako kama sentimita 120 kutoka sakafuni, na picha iliyotundikwa kwa kimo cha aliyesimama inaelea juu ya vichwa vyao.

Zulia chini ya meza katika chumba kidogo siliungi mkono. Ili viti visinase ukingoni linapaswa kuzidi meza kwa sentimita 60 kila upande, na likizidi hivyo limeshafika ukutani. Lakini bila kitu laini chumba kitapiga mwangwi, vijiko vitalia, na wazee wasiosikia vizuri wataacha kushiriki mazungumzo. Hilo linanigusa sana, kwa sababu nimeona mzee akinyamaza mezani mwaka mzima watu wakidhani ana huzuni, kumbe hasikii. Basi wekeni pazia la kitambaa kizito, refu, kutoka karibu na dari hadi sakafuni. Wekeni kitambaa mezani. Bandikeni vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti. Chumba kitatulia, na mzee atasikia anachoambiwa.

Mwaka uliofuata nilirudi katika nyumba ile kurekebisha droo ya benchi. Nilikuta chumba kimejaa. Watu sita, wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, na yule mtoto akainuka kuniletea kiti. Alipita nyuma ya baba yake, na baba hakugeuka, aliendelea na maneno yake.

Pale mlangoni nimeweka rundo la magazeti ya zamani, gundi ya karatasi na futi za kupimia. Nimeleta pia viti sita. Waliokuja na vipimo vya vyumba vyao wabaki, tusogeze hizi safu za mbele na tuvichore hapa sakafuni kimoja kimoja. Mwenye chumba kidogo kuliko wote ndiye atakayeanza.